Hesabu ya Mwanga: Kupanga Njia ya Mkongo na Upotevu Wake

Mwanga unaoingia kwenye uzi wa kioo hautoki wote upande wa pili. Sehemu yake huishia ndani ya kioo chenyewe, sehemu hupotea kwenye viungo, na nyingine huvuja pale uzi unapokunjwa kupita kiasi. Kazi ya mpangaji wa njia ya mkongo ni kujua, kabla mtaro haujachimbwa, ni mwanga kiasi gani utafika kwenye kipokezi na kama utatosha. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu, wala haimshindi aliyemaliza shule ya msingi. Ugumu uko kwenye kuchagua namba. Njia iliyopigiwa hesabu za siku ya kuwashwa hufanya kazi vizuri siku hiyo, kisha huanza kusumbua mkongo ukishakatwa na kuungwa mara kadhaa. Ndiyo maana hesabu inayofaa ni ya mkongo uliozeeka.

Upotevu hupimwa kwa desibeli, kwa kifupi dB. Mwanga ukipoteza 3 dB umebaki nusu. Ukipoteza 10 dB imebaki sehemu moja ya kumi. 20 dB, sehemu moja ya mia. 30 dB, sehemu moja ya elfu. Kipimo hiki hupendwa kwa sababu upotevu wa vipande vinavyofuatana hujumlishwa moja kwa moja, bila kuzidisha sehemu kwa sehemu. Nguvu ya mwanga nayo huandikwa kwa dBm, ambapo 0 dBm ni miliwati 1. Kipokezi kinachoweza kusoma hadi −24 dBm kinaridhika na mwanga wa takribani mikrowati 4. Tofauti kati ya nguvu ya chini kabisa inayotolewa na leza na nguvu ya chini kabisa inayosomwa na kipokezi ndiyo bajeti ya njia nzima. Kila kitu kilicho kati ya vifaa hivyo viwili lazima kitoshee humo.

Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya utafiti katika maabara ya STL mjini Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba uzi wa kioo ungeweza kubeba mawasiliano kama upotevu wake ungeshushwa hadi kufika 20 dB kwa kilomita. Vioo vya wakati huo vilipoteza mamia ya desibeli kwa umbali huohuo. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walivuta uzi uliopoteza 17 dB kwa kilomita. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika pwani ya Afrika Mashariki. Kufikia hapo upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu 0.2 dB kwa kilomita, na namba hiyo ndogo ndiyo iliyowezesha mkongo kuvuka bahari.

Kioo na rangi ya mwanga

Sababu kubwa ya upotevu ndani ya kioo safi ni mtawanyiko. Kioo hakijapangika kwa usawa kamili katika vipimo vidogo mno, na mwanga ukigonga tofauti hizo hutawanyika kila upande. Mtawanyiko huo hupungua haraka sana kadiri wimbi la mwanga linavyorefuka: kutoka nanomita 1310 kwenda 1550 hushuka hadi karibu nusu. Wimbi likizidi nanomita 1600 hivi, kioo chenyewe huanza kuumeza mwanga, na faida ya kurefusha wimbi huisha. Kati ya 1310 na 1550 kuna mahali pabaya, karibu na nanomita 1383, ambapo masalia ya maji yaliyobaki ndani ya kioo hunyonya mwanga. Nyuzi za kisasa za daraja la G.652.D zimetibiwa tatizo hilo, lakini mikongo ya zamani bado inalo, na mpangaji anayetaka kupitisha mawimbi mengi kwenye mkongo aliourithi hana budi kupima kwanza.

Kwa hiyo safari fupi hutumia nanomita 1310 na safari ndefu 1550. Uzi wa kawaida wa njia moja, ambao kiini chake kina upana wa mikromita 9 hivi, hupoteza takribani 0.35 dB kwa kilomita kwenye 1310 na 0.20 hadi 0.22 kwenye 1550. Uzi wa njia nyingi wenye kiini cha mikromita 50, unaotumika ndani ya majengo, hupoteza karibu 3 dB kwa kilomita kwenye nanomita 850. Huo hauhusiki na barabara kuu. Kiwango cha kimataifa cha G.652.D kinaruhusu hadi 0.4 kwenye 1310 na 0.3 kwenye 1550, na hapo ndipo palipo na mtego kwenye zabuni: mkongo unaweza kutimiza kiwango na bado ukawa mbovu kwa njia iliyokusudiwa. Anayenunua kwa ajili ya masafa marefu huandika namba yake mwenyewe kwenye mkataba, na hudai karatasi ya vipimo vya kila rola kutoka kiwandani.

Urefu unaoingia kwenye hesabu ni wa kioo, nao hauwi sawa na wa barabara. Mkongo hushuka na kupanda kwenye nguzo, huzunguka madaraja, na huachiwa mzunguko wa akiba kwenye kila chemba. Ndani ya mkongo wenyewe, nyuzi zimesokotwa na kulegezwa kidogo ili ganda likivutwa kioo kisivutike. Kwa kawaida kioo huzidi njia ya ardhini kwa asilimia kadhaa, na njia ya ardhini nayo huzidi mstari wa ramani. Kupima umbali kwa ramani ya simu na kuuingiza hivyohivyo kwenye jedwali ni kosa ambalo halionekani mpaka mkongo wote uwe umeshalala.

Viungo

Mkongo huja kwenye rola za kilomita 2, 4 au 6, na kila panapokutana rola mbili nyuzi huungwa moja moja kwa mashine ya kuchomelea. Fundi huvua ngozi ya plastiki mpaka kubaki kioo cha mikromita 125, unene unaokaribia wa unywele. Hukifuta kwa spiriti safi, tena mara moja tu kuelekea upande mmoja, kwa sababu kufuta mara mbili kwa kitambaa kilekile hurudisha uchafu. Hukikata kwa kisu maalumu ili uso wa mkato uwe wima, ukiwa umeinama chini ya digrii 1. Mashine huzikabilisha ncha mbili chini ya kamera, hupitisha cheche ya umeme, na kioo huyeyuka kuwa kimoja. Kisha kiungo huvikwa mrija wenye uti wa chuma na kupashwa moto mpaka ukishike. Kazi ya uzi mmoja ni ya dakika chache. Ya mkongo wa nyuzi 48 ni ya nusu siku, na hema au gari lenye vioo vilivyofungwa huamua mengi kuhusu ubora wake. Upepo wa vumbi la barabarani ukipita juu ya meza, viungo vya mchana huo vyote huharibika kidogo kidogo.

Skrini ya mashine itaonyesha 0.02 au 0.03 dB. Hayo ni makadirio ya kamera, si kipimo cha mwanga uliopita. Mpangaji mwenye busara huweka 0.08 hadi 0.1 dB kwa kila kiungo. Kiwango cha Marekani cha TIA kinaruhusu hadi 0.3, lakini njia ndefu iliyojaa viungo vya 0.3 haifiki popote.

Konekta hugharimu zaidi. Kila jozi ya konekta huhesabiwa 0.5 dB, na kiwango hichohicho cha TIA kinaishia 0.75. Hapa adui ni uchafu kuliko kitu kingine chochote: chembe ya mikromita chache ikitua juu ya kiini cha mikromita 9, imeziba sehemu kubwa ya mlango. Kidole kilichogusa ncha huacha mafuta yanayoweza kula desibeli nzima. Konekta ya kijani, iliyokatwa kwa mshazari, haipaswi kuchomekwa kwenye ya buluu iliyokatwa wima. Zitaingiana, lakini ncha hazitagusana sawasawa na mwanga mwingi utapotea hapo. Njia nzuri ni ile yenye konekta chache, zilizo ndani ya vyumba, na kila moja imeandikwa kwenye jedwali.

Mikunjo haina safu yake kwenye jedwali kwa sababu njia iliyolazwa vizuri haipaswi kuwa na upotevu wa mikunjo. Kanuni ya kazi ni kwamba mkongo unapovutwa usikunjwe kwenye duara lenye nusu kipenyo kilicho chini ya mara 20 ya unene wake, na ukishatulia usipungue mara 10. Mkongo wa milimita 12 basi unataka sentimita 24 wakati wa kuvutwa na 12 ndani ya chemba. Mkunjo una tabia moja inayoufichua: huvujisha mwanga wa 1550 zaidi kuliko wa 1310. Kiungo kibaya huumiza mawimbi yote mawili karibu sawa. Fundi anayepima kwa wimbi moja tu hawezi kujua kama achimbe kiungo au afungue chemba na kulegeza mzunguko uliobanwa.

Mfano wa Moshi na Arusha

Barabara kati ya Moshi na Arusha ina urefu wa kilomita 80 hivi. Mtoa huduma mdogo anayetaka kuunganisha miji hiyo kwa gigabiti 1 kwa sekunde anaweza kushawishika na moduli zinazouzwa kama za kilomita 80: leza yake hutoa angalau 0 dBm kwenye nanomita 1550, na kipokezi husoma hadi −24 dBm. Bajeti ni 24 dB.

Chukulia kwamba upimaji wa njia umetoa kilomita 84 za kioo baada ya kujumlisha akiba za chemba na mizunguko ya madaraja. Kwa 0.22 dB kwa kilomita, kioo kinachukua 18.48 dB. Rola za kilomita 4 zitakuwa 21, na kati yake viungo 20. Ukiongeza viungo viwili vya miishoni vinakuwa 22, na kwa 0.08 kila kimoja ni 1.76 dB. Konekta mbili kwenye makabati ya mwisho ni 1.0 dB. Jumla ni 21.24, na bajeti inabakiwa na 2.76 dB. Siku ya kuwasha, taa zitawaka kijani na kila mtu atapiga makofi.

Sasa iangaliwe njia hiyohiyo miaka michache baadaye. Greda la kupanua barabara likikata mkongo, ni nadra ncha mbili kuweza kuvutwa zikutane; kwa kawaida huingizwa kipande kipya cha mita kadhaa, na kipande kina ncha mbili. Kila mkato basi huongeza viungo viwili, vilivyofanywa usiku, mvuani, kwa haraka kwa sababu wateja wako gizani. Kuvihesabu 0.1 dB kila kimoja ni kuwa mkarimu. Leza nazo huchoka kwa umri, na desibeli 1 hutengwa kwa ajili hiyo. Zinabaki 1.76, na kila mkato unachukua 0.2: mkato wa nane bado unavumilika, wa tisa unaiangusha njia. Ikikatwa mara mbili kwa mwaka, mwaka wa tano haufiki mwisho.

Hapo ndipo mpangaji anapopaswa kuhangaika, wakati bado kila kitu kiko kwenye karatasi na kubadilisha hakuna gharama. Rola za kilomita 6 badala ya 4 hupunguza viungo kutoka 22 hadi 15, akiba ya 0.56 dB, ingawa ni nzito na zinahitaji lori na winchi zinazozimudu. Mkongo wenye kioo cha 0.20 badala ya 0.22 huokoa 1.68 dB, na faida hiyo haichakai. Kikuza mwanga kikiwekwa palepale kwenye chumba cha Moshi au Arusha, huongeza nguvu inayoingia bila kuhitaji kituo cha porini. Njia ya nne ni kugawanya safari kwa kituo karibu na uwanja wa ndege wa KIA, ambao uko karibu katikati: kila upande wa kilomita 42 ungepoteza 11.2 dB na kubakiwa na 12.8. Nafasi hiyo hailiwi na mikato ya miaka mingi. Lakini kituo kinataka umeme, betri, ulinzi na mtu wa kukifuata saa nane za usiku, na kila kituo kilichoongezwa ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Kwa njia hii mahususi, kioo bora pamoja na rola ndefu vinaleta nafasi ya 5.0 dB bila kuongeza hata taa moja barabarani, na huo ndio uamuzi unaoelekea kuwa sahihi.

Nafasi ya matengenezo hulindwa pia ardhini. Kina cha mtaro, utepe wa onyo unaolazwa juu ya bomba, na vigingi vya zege vinavyoonyesha njia hupunguza idadi ya mikato. Mizunguko ya akiba ya mita 15 hadi 20 kila upande wa kiungo huruhusu baadhi ya mikato ya karibu kutengenezwa kwa kiungo kimoja badala ya viwili. Kipande kati ya chemba mbili kikishakuwa na viraka vingi, hung'olewa chote na kuvutwa kipya; viungo vyote vya katikati hutoweka na desibeli zake hurudi. Njia zinazopita juu, ndani ya waya wa ardhi wa laini za umeme, kama sehemu za Mkongo wa Taifa wa Tanzania, hazifikiwi na greda wala na mwizi anayedhani anachimba shaba, japo kuzitengeneza kunahitaji kibali cha kuzimwa kwa umeme.

Mwanga ukizidi nao ni hatari. Moduli za masafa marefu zinaweza kutoa hadi 5 dBm, ilhali kipokezi chake hakitakiwi kupata zaidi ya −3. Zikiunganishwa mezani kwa waya wa mita 2 ili zijaribiwe, kipokezi kinaweza kuungua. Njia inayopoteza chini ya 8 dB huhitaji moduli nyepesi zaidi, au kipunguza mwanga. Na kwa kasi ya gigabiti 10 na kuendelea, desibeli pekee hazitoshi: rangi tofauti za mwanga husafiri kwa kasi tofauti ndani ya kioo na kuyachanganya mapigo ya mawimbi, jambo linalotakiwa kuhesabiwa peke yake.

Mtandao wa majumbani

Mjini hesabu hubadilika sura. Mfumo wa GPON unaofikisha intaneti majumbani hugawa uzi mmoja kwa wateja wengi kupitia splita, kifaa kisichohitaji umeme. Kugawa mwanga kwa wateja 32 ni kupoteza 15 dB kwa kanuni za maumbile pekee, na kwa splita halisi takribani 17.5. Bajeti ya vifaa vya daraja la B+ ni 28 dB, hivyo zaidi ya nusu imekwisha kabla ya kuhesabu mita moja ya kioo.

Mwanga wa kwenda kwa mteja ni wa nanomita 1490 na wa kurudi ni wa 1310, na kwa kuwa 1310 hupoteza zaidi, hesabu hufanywa kwa huo. Nyumba iliyo kilomita 9 kutoka kituoni inachukua 3.15 dB za kioo. Viungo 8 vya 0.1 ni 0.8. Konekta 6 za 0.5, kuanzia kabati la kituo hadi boksi la sebuleni, ni 3.0. Pamoja na splita, jumla ni 24.45, na zinabaki 3.55. Meneja wa biashara akiamua kuweka splita ya wateja 64 inayopoteza 21 dB, nafasi inakuwa 0.05 dB. Mteja atakayehamisha kabati lake na kukunja waya nyuma ya ukuta atapoteza huduma, na fundi atatumwa huko tena na tena bila kuona kosa.

Splita inaweza kugawanywa hatua mbili, ya 4 kwenye kabati la mtaa na ya 8 kwenye nguzo. Jumla ya upotevu hukaribiana na ya splita moja ya 32, lakini nyuzi zinazopita barabarani huwa chache na kila tawi hupimika kwa urahisi. Kwa waya wa kuingilia nyumbani, uzi wa daraja la G.657.A2 hustahimili mkunjo wa nusu kipenyo cha milimita 7.5, na bei yake ya ziada ni ndogo ikilinganishwa na safari za fundi kwenye ghorofa ambako waya umepigiliwa kwenye kona za milango.

Kupima na kuandika

Jedwali la upotevu hubaki makadirio mpaka mkongo upimwe. Vipimo ni viwili na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Cha kwanza ni chanzo cha mwanga upande mmoja na mita ya nguvu upande wa pili: hutoa upotevu wote kwa namba moja, na hiyo ndiyo inayolinganishwa na bajeti. Cha pili ni OTDR, kinachotuma pigo la mwanga na kusikiliza linavyorudi, kisha kuchora njia nzima kama mteremko wenye ngazi kwenye kila kiungo. Mita chache za mwanzo wa mchoro hufunikwa na pigo lenyewe, kwa hiyo huwekwa uzi wa kutangulia ili konekta ya kwanza ionekane.

OTDR kikipima upande mmoja hudanganya. Nyuzi mbili zinazotawanya mwanga kwa viwango tofauti kidogo zikiungwa, upande mmoja kiungo huonekana kupoteza sana na upande wa pili huonekana kuongeza mwanga, jambo lisilowezekana. Ukweli uko kwenye wastani wa pande mbili. Mkandarasi anayeleta michoro ya upande mmoja tu, hata iwe safi namna gani, hajakabidhi kazi.

Faili la makabidhiano hubeba mchoro wa kila uzi kwa 1310 na 1550, kutoka pande zote mbili, pamoja na umbali wa kila kiungo kwa mita za kioo na alama ya chemba yake ardhini. Baada ya kila mkato huongezwa mchoro mpya na nafasi iliyobaki huandikwa upya kwa desibeli, ili siku moduli zitakapobadilishwa kwa za kasi zaidi, mhandisi aanze na namba ya mkongo ulivyo siku hiyo.